Msimamo, soko au mkubwa wa kuegemea: Tanzania ishike njia ipi?

Nilisoma Mazimbu, Morogoro, katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine yenye jina la Solomon Mahlangu. Kuna makaburi pale. Ni ya Waafrika Kusini wa ANC waliokuja kwenye shule ambayo chama chao kilianza kuijenga mwaka 1978, katika shamba la zamani la mkonge walilopewa na serikali yetu. Nilikuwa nikipita hapo jioni, nasimama kwenye jiwe moja, natoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa, napata umri wangu mwenyewe. Walifia ugenini kabla kwao hakujakombolewa. Na kila mara lilinijia swali ambalo vijana wengi siku hizi wanaliuliza bila kuficha: sisi tulipata nini?

Swali hilo limerudi kwa nguvu tangu Mei 2025, serikali ilipozindua toleo jipya la Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001. Ukisikiliza mabishano yake utagundua watu wanagombea njia tatu. Ya kwanza ni ya Mwalimu: kusimama na wanyonge wenzetu, kutofungamana na upande wowote, hata pale inapouma. Ya pili ni diplomasia ya uchumi, iliyoandikwa rasmi mwaka 2001 chini ya Rais Mkapa, Jakaya Kikwete akiwa waziri wa mambo ya nje. Hii inataka balozi apimwe kwa watalii, wawekezaji na masoko anayoleta. Ya tatu sisi hatujawahi kuishika, ila jirani zetu wa Kenya wameijaribu: kuchagua mkubwa mmoja na kukaa naye karibu.

Nitazipima zote kwa mizani moja. Siku mkubwa akikwambia "fanya hivi, la sivyo", ukikataa unabaki na nini mkononi, na nyumbani kwako nani atalipa?

Njia ya Mwalimu na ghala tupu

Tuanze na 1965, mwaka ambao njia hii ilijaribiwa mara mbili.

Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni yake: nchi itakayoitambua Ujerumani Mashariki, uhusiano unavunjika. Zanzibar ilikuwa imeshaitambua baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na miezi mitatu baadaye ukaja Muungano. Mwalimu akatafuta njia ya katikati: Wajerumani Mashariki wafunge ubalozi wa Zanzibar, wabaki na ofisi ya konseli Dar es Salaam. Bonn, makao ya serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika. Ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi, na Mwalimu akajibu kwamba basi waondoe na misaada yote mingine ya serikali yao. Desemba mwaka huohuo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliazimia wanachama wavunje uhusiano na Uingereza kama haitamzima Ian Smith, mkuu wa serikali ya walowezi weupe kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Wanachama wengi walipiga makofi wakaenda nyumbani. Tanzania ilikuwa miongoni mwa wachache waliotekeleza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tukiusubiri ukazuiwa. Uhusiano ulirudi mwaka 1968.

Tulibaki na nini? Tulibaki na nchi ya wakulima waliokuwa wanajilisha, na mkonge, kahawa na pamba ambavyo havikumtegemea mnunuzi mmoja. Tena kulikuwa na mlango wa pili. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa kujenga reli ya kuitoa Zambia mikononi mwa Rhodesia na Wareno, zikisema hailipi. China ikakubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba. Kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, zikakabidhiwa mwaka 1976. Wachina waliokufa katika kazi ile wana makaburi yao Gongo la Mboto hadi leo. Nani alilipa? Mpango wetu wa kwanza wa miaka mitano ulitegemea sana fedha za nje, kwa hiyo zahanati na barabara fulani hazikujengwa. Azimio la Arusha la Februari 1967, na maneno yake makali kuhusu kutegemea fedha za wageni, halikutoka hewani. Waliolitunga walikuwa wametoka kuionja ladha ya masharti.

Mpaka hapo naipa njia hii alama za juu. Shida ilikuja baadaye. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya Kagera vikaanza 1978, tukamng'oa Idi Amin Aprili 1979 kwa gharama zetu wenyewe, kisha Mwalimu akatuomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Bei ya mafuta ikapanda. Fedha za kigeni zikaisha, na Shirika la Fedha la Kimataifa likaja na masharti yake. Waziri wa fedha, Edwin Mtei, aliona tusaini, Mwalimu akakataa, Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979.

Sasa pima tena. Safari hii, tulipokataa tulibaki na nini? Mama yangu anaijua foleni ya sabuni na foleni ya sukari. Anaujua na unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano wa msaada kutoka Marekani, uliobatizwa hivyo kwa rangi za timu. Anasema harufu yake ilikuwa haitoki kwenye sufuria, na watoto walikuwa wakiula macho wameyafumba. Nchi iliyokuwa ikiikaripia Marekani hadharani ilikuwa ikila ugali wake. Mwaka 1986 Rais Mwinyi alisaini, na masharti yalikuwa yamekuwa magumu zaidi kuliko yale ya mwanzo. Mkono mtupu haulambwi, na wenye fedha walilijua hilo kabla yetu.

Kwa hiyo anayesema misimamo ndiyo iliyotufukarisha anakosea mwaka. Misimamo ya 1965 tuliimudu kwa sababu ghala lilikuwa na kitu. Wa 1979 hatukuumudu.

Na Mazimbu? Mimi siamini ule ulikuwa mkopo wa kwenda kudai Pretoria. Lakini hata kwa hesabu kavu, kuna faida ambayo kijana wa Dar es Salaam haioni na mzee wa Newala anaiona: tangu Msumbiji ipate uhuru mwaka 1975, ng'ambo ya Ruvuma hakuna tena jeshi la mkoloni. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Mpaka ule ulinunuliwa.

Barua ya 1962 na bomba la Kahama

Kabla sijaingia sokoni, kuna mfano ambao wabishi wa pande zote wanausahau, nami nauona bora kuliko yote.

Mwaka 1929 Uingereza iliiahidi Misri, kwa niaba ya makoloni yake, kwamba hakuna atakayefanya ujenzi wowote kwenye Nile au maziwa yake utakaopunguza maji ya Misri bila kuiuliza kwanza. Julai 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata mwaka, iliandika kwa Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba huo hauifungi. Hatukuwa na jeshi la kumtisha mtu, wala mradi wowote ziwani. Ilikuwa karatasi tu, yenye hoja ya kisheria: nchi huru hairithi ahadi iliyotolewa na mkoloni bila ridhaa yake. Wanasheria wa kimataifa wanaijadili hoja hiyo hadi leo kwa jina la Nyerere.

Karatasi ile ilikaa zaidi ya miaka 40. Halafu tukaamua kuvuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, kuyapeleka Shinyanga na Kahama, ambako wanawake walikuwa wakiamka usiku wa manane kuwahi visima. Cairo ilinung'unika. Sisi tukaendelea na bomba. Mwaka 2010 tukasaini Entebbe mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, na Misri ikaukataa.

Je, Misri ilitususa? Desemba 2018 makampuni mawili ya Misri yalisaini mkataba wa kujenga bwawa la umeme la Mwalimu Nyerere kwenye Rufiji, megawati 2,115. Yalishinda zabuni, yakaja, yakajenga. Ukitaka ushahidi kwamba msimamo na biashara vinaweza kukaa nyumba moja, nenda kaangalie mitambo ile. Msimamo wa Nile ulikuwa na sheria nyuma yake, uliandikwa mapema kabla ya ugomvi, na mlipaji wake hakuwa mama wa Kahama. Mama wa Kahama ndiye aliyepata bomba.

Njia ya soko

Diplomasia ya uchumi ina sifa moja kubwa: inamlazimisha balozi kurudi na kitu. Udhaifu wake ni kwamba mwenye njaa ya mikataba husaini haraka. Yapo mambo mawili ya miaka ya karibuni yanayoonyesha pande zote mbili, na yote mawili tulikuwa pamoja na majirani, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi.

La kwanza ni EPA, mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya (usichanganye na ile akaunti ya Benki Kuu). Ulaya ilitaka nchi za Afrika Mashariki zifungue soko kwa zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zake, taratibu, ndani ya miaka 25. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilisaini. Tanzania ikakataa, ikisema viwanda vyake vichanga vitazikwa, na kwamba Uingereza yenyewe imeshapiga kura ya kujitoa Ulaya. Bunge likaunga mkono. Wengi walimsifu Rais Magufuli kwa ujasiri. Mimi naisifu hesabu. Tanzania iko katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na nchi hizo huingiza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Tulipokataa tulibaki na soko lilelile. Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Iliionja Oktoba 2014, mazungumzo yalipochelewa: maua ya Naivasha yakaanza kutozwa ushuru Ulaya, na ilidumu karibu miezi mitatu. Mkulima wa maua hana ghala la kusubiria, ua likikatwa leo keshokutwa liwe Amsterdam. Ndiyo maana Kenya ilikwenda peke yake hadi mwisho, ikasaini mkataba wake Desemba 2023, ukaanza kazi Julai 2024. Nchi mbili, majibu mawili, na kwa maoni yangu zote mbili zilikuwa sahihi.

La pili ni mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua ifikapo 2019 ili viwanda vya nguo vifufuke. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wa kuuza kwao bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma kwanza, 2017. Ilikuwa ikiiuzia Marekani nguo za zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi, wengi wanawake, wanakula kutokana na vyerehani vile. Tanzania na Uganda zikafuata 2018. Rwanda ikagoma, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye AGOA. Ilikuwa inauza chache mno Marekani, kwa hiyo ilipoteza kidogo.

Nendeni Karume, Ilala, alfajiri belo linapofunguliwa. Kamba zinakatwa, nguo zinapumua na kufumuka kama unga uliotiwa hamira, mikono kumi inaingia kwa pamoja, na ndani ya dakika chache muuzaji anajua kama mtaji wake wa wiki umerudi au umekufa. Mwenye belo ananusa kwanza, kisha ndipo anaangalia. Hawa ndio wangelipa kwanza, na kiwanda cha kumpa hata mmoja wao kazi kilikuwa hakijajengwa. Nalisema hili nikijua tulivyokuwa na viwanda vya nguo, Urafiki na Mwatex, na nikitamani virudi. Lakini lile azimio lilitangazwa kabla ya viwanda kuwa tayari, na tukarudi nyuma mbele ya dunia nzima. Kutishiwa na kurudi nyuma ni hasara mara mbili: hupati ulichotaka, na anayekutishia anajua kwamba mara ijayo inatosha kukohoa tu.

Liko na jambo la mezani. Mkataba wa bandari kati ya serikali yetu na Dubai ulisainiwa Oktoba 2022. Wananchi wengi waliusikia Juni 2023 ulipofika bungeni kuridhiwa, na moto ukawaka: mbona ukomo haujatajwa? Mikataba ya utekelezaji iliyosainiwa Oktoba 2023 ilikuja na miaka 30 na vipimo vya utendaji. Yale yaliyoongezwa baada ya kelele yalikuwa mazuri. Yangeweza kuwemo tangu mwanzo kama wenye bandari wangeulizwa mwanzo. Balozi anayekwenda mezani akijua Bunge lake litamhoji ana silaha ambayo mwenzake hana: anaweza kusema "hili kwetu halitapita."

Njia ya kuegemea

Kwa Kenya nataka kuwa mwadilifu, maana huku kwetu tunapenda kuwacheka. Wao wana mpaka na Somalia. Walizika watu waliouawa na magaidi katika maduka ya Westgate mwaka 2013 na wanafunzi wa chuo cha Garissa mwaka 2015. Nchi yenye vita mlangoni hutafuta mwenye ndege na macho ya angani, na Juni 2024 Marekani iliipa hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO, ya kwanza kusini mwa Sahara. Siku hizohizo polisi wa Kenya walitua Haiti.

Kipi kilirudi? Mafunzo, vifaa, na kukaribishwa kwenye meza kubwa. Bei yake nayo ipo. Kambi ya Manda, Lamu, ilishambuliwa Januari 2020 na Wamarekani watatu wakauawa. Vita vya mgeni vimehamia kwa wavuvi wa pwani. Aprili 2025, Marekani ilipotangaza ushuru mpya kwa dunia nzima, Kenya ilipewa asilimia 10. Tanzania, isiyo na hadhi yoyote, ilipewa asilimia 10 hiyohiyo. Mwezi huohuo Rais Ruto alikwenda Beijing, na kabla mwaka haujaisha seneta mmoja mkubwa Washington alikuwa ameshataka ile hadhi ipitiwe upya. Unayemwegemea akisogea hatua moja, unayeyumba ni wewe.

Sisi tumeonja hatari ya aina hiyo kusini. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, walivuka wakashambulia Kitaya, Mtwara. Tulipeleka askari wetu Msumbiji pamoja na wenzetu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Hatukumkaribisha mkubwa ajenge kambi. Kwa hali yetu naona ulikuwa uamuzi mwema, na naelewa kwa nini Nairobi wasingeweza kufanya hivyohivyo.

Kama kura ni yangu

Ningeshika diplomasia ya uchumi kwa kazi za kila siku, na ningeiwekea misimamo michache isiyouzwa, iliyoandikwa na kupitishwa na Bunge kabla ya mgeni kubisha hodi. Njia ya kuegemea ningeiacha, maadamu mipaka yetu imetulia kiasi hiki.

Kwenye orodha yangu ya visivyouzwa kuna vitatu. Maji ya ziwa, kwa sababu nimeshayaeleza. Kutokuwa na kambi ya jeshi la kigeni. Na haki ya watu kujitawala, ikiwemo ya Sahara Magharibi tuliyoitambua mwaka 1978. Mfalme wa Moroko, nchi inayoidai Sahara hiyo kuwa yake, alikuja mwaka 2016, tukasaini naye mikataba mingi, msikiti mkubwa wenye jina lake ukajengwa Kinondoni, na utambuzi wetu hatukuufuta. Anayeona aibu kwamba tumekaa na pande zote mbili, mimi simwelewi. Ndivyo inavyotakiwa kukaa. Mitumba haimo kwenye orodha hiyo. Ile ni sera ya viwanda, ianzie kwenye pamba ya Simiyu na bei ya umeme, iishie kwenye mikataba.

EPA ndiyo inayoninyima usingizi. Ile "hapana" yetu ya 2016 ilikuwa rahisi kwa sababu tu tulikuwa kwenye orodha ya nchi duni, na hatutakaa humo milele. Tayari tangu 2020 Benki ya Dunia inatuhesabu katika kipato cha kati cha chini. Siku tukitolewa, na muda wa mpito ukiisha, minofu ya sangara wa Mwanza na mboga za Arusha zitaanza kudaiwa ushuru Ulaya kama maua ya Naivasha yalivyodaiwa, na hatutakuwa na muda wa kubishana. Ningekuwa na sauti wizarani, wiki ijayo maofisa wawili wangepanda basi, mmoja kwenda Mwanza na mwingine Arusha, na daftari la kuuliza viwanda na mashamba swali moja: ushuru ukija, nani kati yenu atafunga kwanza?